Miezi sita kando ya mkeka

Dawa ya kifua kikuu haina haraka. Ukianza kuimeza, homa inashuka ndani ya wiki chache, kikohozi kinapungua, mwili unarudi, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu unajiona umepona. Kama wewe ni mfugaji na umesikia mvua imenyesha upande wa pili wa wilaya, ngamia hawatakusubiri umalize dozi. Unaondoka nao. Vijidudu vilivyobaki kifuani vinaamka tena, safari hii huenda vimeshaizoea dawa, na unawaambukiza watoto unaolala nao kibanda kimoja.

Shida hiyo ndiyo aliyokutana nayo Annalena Tonelli kule Wajir miaka ya 1970. Nimekuwa nikimfikiria sana siku hizi, maana hapa Nairobi hazipiti wiki mbili kabla hujaalikwa kwenye semina ya uongozi wa kanisa: bango lenye picha ya mnenaji amekunja mikono, mada ya kutimiza maono yako, daftari la bure. Nimehudhuria kadhaa. Chai huwa nzuri. Lakini neno tunalomwitia kiongozi pale ni "Mtumishi", tunalitamka kama cheo, na mara nyingi Mtumishi ndiye mtu pekee ukumbini ambaye hajabeba kiti.

Annalena hakuwa na cheo. Alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasomea sheria, na kwa miaka sita akawahudumia maskini wa mji wake. Alikuwa Mkatoliki wa kawaida: si mtawa, hakutumwa na shirika lolote la kitawa. Alifika Kenya mwaka 1969, akafundisha sekondari huko Chinga, Nyeri, kisha akaenda Wajir.

Wajir ya wakati huo ilikuwa karibu nchi nyingine. Waingereza walikuwa wameifunga Kaskazini yote tangu 1926. Mtu wa nje hakuingia bila kibali. Uhuru ulipokuja vikaja vita vya Shifta, na baada ya vita sheria ya hali ya hatari ikabaki palepale hadi 1991. Ndiyo maana hata leo mtu wa huko akipanda basi la Nairobi anakuambia anaenda Kenya. Wakristo walikuwa wachache, wengi wao wakiwa walimu, askari na makarani kutoka bara, waliokuwa wakihesabu miezi hadi uhamisho. Msichana Mzungu, asiye na mume, asiye Mwislamu, hakuwa mtu wa kuaminiwa. Watoto walimrushia mawe.

Basi akaanza na wagonjwa ambao hakuna mtu mwingine aliyewataka. Wasomali huita kifua kikuu *qaaxo*, na jina hilo lilibeba aibu. Familia ilificha mgonjwa wake kuliko kukubali kwamba ugonjwa umeingia kwao. Alikaa nao. Aliwalisha, akawaosha, akajifunza lugha yao.

Mwaka 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu kwa wafugaji wanaohamahama. Hapa inafaa tuwe waangalifu. Wazo la kumtazama mgonjwa akimeza dawa halikuwa lake; watafiti wa Madras, India, walikuwa wamelijaribu zamani. Wala yeye siye aliyegundua kwamba dawa ya rifampicin inaweza kufupisha matibabu kutoka mwaka mmoja na nusu hadi miezi sita, ingawa utafiti muhimu wa jambo hilo ulifanyika hukuhuku Afrika Mashariki. Alichobuni yeye ni mahali. Badala ya kumwambia mfugaji alale wodini, kwenye kitanda cha chuma, mbali na watu wake, alimwambia: njoo na nyumba yako. Wakaja na vijiti na mikeka yao ya *aqal*, wakajenga vibanda mbele ya kituo, familia nzima ikahamia. Mahali hapo pakaitwa manyatta ya TB. Kila asubuhi mgonjwa alimeza dawa mbele ya macho ya mtu mwingine, na jioni alilala kwake. Miezi sita baadaye nyumba ilifunguliwa, ikapakiwa juu ya ngamia, na safari ikaendelea.

Huo ndio uongozi wenyewe, na ukiutazama kwa karibu unachosha. Ni kukaa kando ya mkeka na kusubiri mtu ameze. Kesho tena. Na keshokutwa. Siku mia moja na themanini kwa mgonjwa mmoja, na wagonjwa hawakuanza siku moja. Miaka mingi baadaye utaratibu wa kumsimamia mgonjwa hivyo ukawa sera ya dunia, lakini sidhani kama mtu aliyepita pale Wajir mwaka 1978 angeona kitu cha kuweka kwenye bango.

Kisha ikaja Februari 1984.

Tarehe 10, siku ya Ijumaa, wanajeshi na polisi walianza kuwakamata wanaume wa ukoo wa Degodia mjini Wajir na vijijini. Serikali ilisema inataka silaha. Wanaume walipelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita chache nje ya mji, wakavuliwa nguo, wakalazwa kifudifudi juu ya changarawe yenye moto, bila maji, kwa siku kadhaa. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Maiti nyingine zilibebwa kwa lori na kutupwa porini. Serikali ilitaja watu 57. Walionusurika wanazungumza juu ya mamia, na wengine maelfu. Hadi leo hakuna hesabu ambayo pande zote zinaikubali.

Annalena aliingia porini na gari, akatafuta waliokuwa bado wanapumua, akakusanya maiti zizikwe, akapiga picha, akaandika majina.

Fikiria hesabu aliyokuwa nayo mkononi. Pale manyatta kulikuwa na watu waliokuwa wamemeza dawa miezi miwili, mitatu, minne. Akinyamaza, angebaki kuwahudumia. Akisema, angefukuzwa, na nani angekaa kando ya mkeka? Sioni kama hoja ya kunyamaza ilikuwa ya woga. Ilikuwa hoja nzuri, ya kweli, ya upendo hata. Ni hoja ambayo makanisa mengi, misikiti mingi na mashirika mengi ya misaada yameitumia sehemu nyingi, na wakati mwingine walikuwa sahihi. Yeye aliamua kwamba huwezi kumtibu mtu mapafu huku ukijifanya hujui ndugu yake yuko wapi. Orodha ya majina ilitoka Wajir na kumfikia Barbara Lefkow, mke wa mwanadiplomasia wa Marekani jijini Nairobi, na kupitia kwake balozi zikajua.

Mwaka 1985 serikali ilimfukuza nchini.

Najua unachofikiria: mzungu mwingine mwokozi. Ni haki kuuliza. Lakini mkononi mwake orodha ile ingekuwa karatasi tupu bila wajane na kaka waliokubali kutaja majina wakati kutaja jina kungeweza kukuua. Na pale bungeni aliyesimama kuuliza kuhusu Wagalla alikuwa Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir West, ambaye hakuwa na pasipoti ya Italia ya kumkinga. Yeye Annalena alipoteza kazi na nyumba. Wao walibaki huko chini ya sheria ileile.

Alivuka kwenda Somalia, akaanza upya katika miji kadhaa, na mwishowe Borama, Somaliland, akiwa na hospitali ya kifua kikuu na shule ya watoto viziwi. Juni 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen kwa huduma yake kwa wakimbizi. Jumapili jioni, tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo, alipigwa risasi kichwani ndani ya uwanja wa hospitali yake. Alikuwa na miaka 60.

Tukiishia hapo, tutakuwa tumesimulia kana kwamba huduma huko Kaskazini ilitoka upande mmoja tu, wa Wakristo kuelekea Waislamu. Tarehe 1 Julai 2012, ibada zikiwa zinaendelea mjini Garissa, kanisa la AIC na kanisa kuu la Kikatoliki yalishambuliwa kwa gruneti na bunduki. Watu zaidi ya kumi walikufa, karibu wote pale AIC. Siku chache baadaye viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watalinda makanisa siku za Jumapili. Na Desemba 2015, miezi minane baada ya watu 148 kuuawa pale Chuo Kikuu cha Garissa, basi la kwenda Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak na watu wenye bunduki wakaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata hospitalini Nairobi. Ndani ya basi, kabla washambuliaji hawajapanda, wanawake Waislamu walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike.