Jina Lililofungiwa Sandukuni (Sehemu ya 2)

Wiki jana tulimwacha wapi kijana wetu? Mlangoni kwa nyanyake, Makina, Kibera, jasho likimtiririka. Ametoka Kawangware kwa miguu, akavuka Barabara ya Ngong, kuuliza swali moja tu.

"Nyanya, hapa ni kwetu kweli?"

Nyanya kimya. Vidole vyake vinafungua fundo kwenye pindo la leso. Mna nini humo? Tulia, msomaji wangu, usinikimbize!

"Kawangware unakotoka, ngware ni nini?"

"Sijui."

"Ni kwale, kwa Kikuyu. Umemwona kwale hata mmoja huko?"

Kijana akatikisa kichwa.

"Na Nairobi je? Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ikafika 1899, mahema yakapigwa matopeni, jina la maji likawa la kambi. Mwaka 1905 kambi hiyo ikaipokonya Mombasa makao makuu ya serikali. Mwaka 1950 ikawa jiji. Jina likabaki. Maji hayo baridi yako wapi?"

Unaona anakoelekea?

"Na hapa?"

"Kibera, nyanya."

Nyanya akapiga goti kwa kiganja. "Kibra! Kwa Kinubi ni msitu."

Msitu huo walipewa wakae askari Wasudani wa King's African Rifles, waliompigania Mwingereza. Mwaka 1918 serikali ilitenga ekari 4,197. Mwaka 2017 wazao wao, Wanubi, wakakabidhiwa hatimiliki. Ya ekari ngapi?

288.

Rudia hesabu hiyo polepole. Tangu 2013 jimbo la uchaguzi linaitwa Kibra, jina limerudi. Ekari je?

Fundo likafunguka. Ufunguo mdogo, umeshika kutu.

Nyanya akainama, akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Kufuli likakwama. Akalipulizia. Likakwama tena. Mara ya tatu, kwa!

Juu kabisa, karatasi ya manjano iliyokunjwa mara nne. Kijana akaikunjua, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Jina la babu lilikuwepo, lakini limekatwa kwa wino. Juu yake limeandikwa jina jingine.

"Nyanya, huyu ni nani?"

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa. Sauti ikaita jina lilelile.

Tukutane Jumamosi. Kabla ya hapo, muulize mzee wako: mtaa wenu uliitwaje zamani? Uliandike jina hilo.