Bwawa lililoua kuliko Chernobyl

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana.

Juzi usiku umeme ulikatika hapa hosteli, tukakaa kwenye korido tunapiga stori. Jamaa mmoja wa uhandisi akasema tujenge vinu vya nyuklia, giza limetuchosha. Mimi mtu wa historia nikamrukia: "Umeisahau Chernobyl?" Wenzangu wakashangilia. Yeye akaniuliza kitu kimoja tu: "Banqiao unaijua?" Sikuijua. Nikanywea kabisa.

Kesho yake nikazama maktaba.

Chernobyl niliijua. Usiku wa kuamkia 26 Aprili 1986, kule Ukraine enzi za Usovieti, kinu namba 4 kililipuka katikati ya jaribio ambalo, eti, lilikuwa la usalama. Watu kama 30 walikufa ndani ya miezi michache. Mwaka 2005 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa mwishowe vifo vya mionzi kwa walioathirika zaidi vingeweza kufika 4,000. Wapo wanaosema ni zaidi. Mji wa Pripyat, wenye watu karibu 50,000, mpaka leo ni mahame.

Sasa Banqiao. Ni bwawa la mkoa wa Henan, China, lililojengwa miaka ya 1950 kuzuia mafuriko na kuzalisha umeme. Agosti 1975 kimbunga Nina kikamwaga kwa siku moja mvua ya mwaka mzima. Usiku wa kuamkia tarehe 8 likapasuka, na mabwawa mengine mengi yakaenda nalo. Hesabu ya serikali ni watu kama 26,000 waliozama. Makadirio mengine, ukijumlisha njaa na magonjwa yaliyofuata, yanapita 100,000.

Na makaa ya mawe je? Desemba 1952, moshi uliotanda London kwa siku tano uliua maelfu. Hapo hakuna kilicholipuka, watu walikuwa wanaota moto majumbani mwao tu.

Kwa hiyo jamaa kashinda? Kwa idadi, ndiyo. Lakini kilichoninyima usingizi ni kingine.

Kasoro ya fimbo za kudhibiti vinu vya aina ile ya Chernobyl, wakubwa waliijua tangu 1983. Waliokuwa zamu usiku ule hawakuelezwa. Dunia nayo ilishtuka tarehe 28, kituo cha Forsmark kule Sweden kilipoinasa mionzi. Huko China, mtaalamu wa maji Chen Xing alikuwa ameikosoa sera ile ya kujenga mabwawa. Akaondolewa kazini. Maafa yenyewe yakafichwa miaka mingi, na siri yake ikafunguliwa rasmi 2005.

Mmeona? Mmoja moto, mwingine maji, lakini ugonjwa ni uleule: anayejua hasemi, na anayesema anafukuzwa. Ndiyo maana siku hizi mtu akinitajia mradi wowote wa umeme, swali langu la kwanza ni hili: fundi wa chini akiona ufa, ana ruhusa ya kusema?

Jioni nikamfuata jamaa, nikamwambia kashinda nusu. Akacheka, akadai soda nzima. Nimemnunulia.

Haya wadau, nyie mngelala jirani na kipi? Mimi naenda kuchaji simu kabla hawajaukata tena.