Taklidi, Taasubi na Baraza: Namna ya Kufundisha Imani Kando ya Ngome ya Yesu

Katika mijadala ya miaka ya karibuni kuhusu dini katika pwani ya Kenya limezoeleka dai kwamba taasubi, yaani tabia ya mtu kuishikilia rai kwa kuwa ni ya upande wake na si kwa kuwa ameipima, ililetwa na wanamageuzi wa karne ya 20, na kwamba kabla yao Uislamu wa Mji wa Kale wa Mombasa, uliojaa maulidi, hitima na heshima kwa masharifu, ulikuwa mpole na mvumilivu. Dai hili lina mpinzani wake wa jadi, naye ni mwanamageuzi mwenyewe, ambaye huona kwamba taasubi ni tunda la taklidi, yaani kuifuata kauli ya mwanachuoni bila kuijua dalili yake, na kwamba dawa yake ni kurudi kwenye Kurani na Hadithi. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zinautafuta ugonjwa pasipo pake. Kila mmoja huchukulia kwamba taasubi hukaa ndani ya fundisho, kiasi kwamba ukibadilisha fundisho umeiondoa, ilhali mfano wa Mombasa unaonyesha kuwa hukaa katika namna ya kulifikisha fundisho hilo, na hasa katika suala la iwapo msikilizaji amepewa, pamoja na hukumu, njia ya kuifuatilia na hata kuikataa.

Kwamba pwani hii ina wanafikra wanaostahili jina hilo si jambo la kubishaniwa tena tangu Kai Kresse alipochapisha mwaka 2007 utafiti wake kuhusu kufalsafa Mombasa. Linalobishaniwa ni nasaba ya fikra za mageuzi. Wapo wanaomsoma Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) kama tarishi tu wa Cairo, aliyeyachukua mawazo ya Muhammad Abduh na jarida la Al-Manar la Rashid Rida akayapakua bandarini kama shehena nyingine yoyote. Usomaji huu ni mvivu. Ni kweli kwamba aliyasoma na kuyathamini maandishi hayo, lakini miongoni mwa walimu wake wa Unguja walikuwamo Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, wote waliofariki mwaka 1925, na wote waliolelewa katika njia ya Alawiyya, ambayo ni njia ya tasawwuf, yaani elimu ya kuitakasa nafsi, iliyoenea pamoja na masharifu wa Hadhramaut. Mkosoaji wa baadhi ya desturi za masharifu alikuwa basi mwanafunzi wa masharifu, na mtu aliyekaa mbele ya mwalimu miaka mingi hawezi kumkosoa kwa lugha ile ile ambayo angeitumia kwa mgeni.

Mahali penyewe panahitaji kutajwa, kwa sababu Mji wa Kale umejengwa kando ya jengo linalokumbusha njia nyingine ya kueneza imani. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ndiyo iliyompokea Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa, aliyechukuliwa akiwa mtoto hadi Goa baada ya babake kuuawa, akalelewa Kikristo kwa jina la Dom Jerónimo, kisha akarejeshwa kutawala. Agosti 1631 aliwageukia Wareno, akamuua kapteni wa Ngome na kuwapa Wakristo wa mji nafasi ya kuchagua kati ya Uislamu na kifo. Imani aliyopewa bila hoja aliivua bila hoja, na aliyoirudia akaitia kwa wengine kwa upanga. Baadaye Ngome hiyo hiyo ilikaliwa kwa takriban karne moja, hadi 1837, na magavana wa ukoo wa Mazrui waliokuwa wa madhehebu ya Ibadhi. Katika ukoo huo, Sheikh Ali bin Abdallah, babake Al-Amin, aliingia madhehebu ya Sunni ya Kishafi, akajadiliana na Maibadhi kwa kauli na kwa kalamu, na kwa sababu hiyo akafungwa na Sayyid Barghash wa Zanzibar. Al-Amin aliachwa yatima akiwa mtoto mdogo, lakini alirithi kumbukumbu ambayo watu wengi wa dini hawanayo, kwamba mtu mwema wa nyumba yake mwenyewe aliwahi kuiacha rai ya wazee wake baada ya kusoma.

Ushahidi unaobeba uzito mkubwa zaidi hapa ni Sahifa, waraka ambao Al-Amin alianza kuutoa Mombasa mwaka 1930 kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, na ambao makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu Uwongozi. Aghalabu waraka huu husomwa kwa ajili ya yale uliyoyasema. Uliwalaumu Waislamu wa pwani kwa kufarakana, kwa gharama za harusi na matanga, kwa kuacha elimu na kwa kuwaiga Wazungu katika mambo yasiyo na faida. Lililo muhimu zaidi ni umbo lake. Kabla yake mwanachuoni aliyetaka kuandika jambo zito la dini kwa kawaida aliliandika kwa Kiarabu, na aliyetaka kulifundisha kwa Kiswahili alifanya hivyo katika darsa, ambamo kitabu cha Kiarabu husomwa sentensi kwa sentensi na sheikh akaifasiri, huku wasikilizaji wakiwa hawana kitabu, au wakiwa nacho na hawakifahamu. Katika hali hiyo dalili inatajwa, lakini imo mikononi mwa mtu mmoja. Sahifa iliitoa dalili mikononi mwa msemaji ikaiweka mikononi mwa yeyote aliyepita chuoni akajua herufi, bila kumtaka ajue sarufi ya Kiarabu; na karatasi, tofauti na khutba, inaweza kurudiwa, kulinganishwa na ya wiki iliyopita, na kusomwa kwa sauti juu ya baraza, lile benchi la mawe mbele ya nyumba ambalo jirani asiyekubaliana nawe hulikalia kwa haki sawa na yako.

Kuna jambo la ndani zaidi katika makala hizo kuhusu kuiga. Mwandishi mwenye taasubi angetoa orodha ya halali na haramu, akamaliza. Al-Amin, ingawa hakuwa mtu wa kuficha hukumu zake, mara nyingi alitoa kipimo: kilicho na faida na kisichopingana na dini kichukuliwe hata kama kimetoka kwa mtawala mkoloni, na kilicho kinyume cha hayo kiachwe hata kama kimekuwa fahari ya vijana. Orodha hutakiwa ihifadhiwe tu, lakini kipimo humlazimisha msomaji apime mwenyewe, na akishajifunza kupima hakuna wa kumzuia kumpima hata aliyemfundisha. Hapo ndipo tofauti kati ya itikadi thabiti na taasubi inapoonekana vizuri zaidi kuliko katika mizani yoyote ya upole na ukali, kwani Al-Amin alikuwa mkali, na maandishi yake ya kuwapinga Waahmadiya hayana dalili ya mtu anayeona kwamba njia zote ni sawa. Wanaofikiri kwamba taasubi hutibiwa kwa kuizimua imani, kama anavyozimuliwa mgonjwa uji, watalazimika kueleza kwa nini mtu huyu asiyezimua chochote alitokea kuwa mwalimu wa watu waliotofautiana naye.

Pingamizi kubwa ni kizazi kilichofuata. Sheikh Muhammad Kassim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, wote waliowahi kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, waliendeleza vita dhidi ya bidaa, yaani mambo yaliyozuliwa katika dini, na ndimi zao katika miaka ya 1970 zilikuwa kali kuliko ya mwalimu wao, kiasi kwamba misikiti ya Mombasa na Lamu iligawanyika kwa ajili ya maulidi. Jambo hilo haliwezi kukanushwa. Hata hivyo Farsy huyo huyo, aliyekamilisha tafsiri yake ya Kurani mwaka 1969, ndiye aliyeandika mwaka 1972 kitabu kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, ambamo masheikh wa tasawwuf wametajwa kwa heshima na kwa shukrani. Pingamizi jingine, kwamba baraza lilikuwa la wanaume na kwamba wanawake, ambao elimu yao Al-Amin aliitetea, hawakuwa na pa kumjibia, ni zito zaidi, na nadharia inayotolewa hapa hailimudu kikamilifu.

Pengine mtihani bora wa kipimo hicho cha Al-Amin ni Sheikh Abdilahi Nassir (1932–2022), aliyekulia katika usomi huo huo wa Kisunni wa Mombasa, akashiriki siasa za Mwambao, yaani za kudai pwani ijitawale, katika miaka ya mwanzo ya 1960, na baadaye akatangaza kuwa ni Shia. Vijitabu vyake vya kuutetea Ushia vilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya vitabu vya Kisunni vyenyewe, kwa hoja kwamba msomaji asimsadiki mwandishi bali akafungue kitabu anachokiamini. Wengi walimpinga, tena kwa hasira, lakini njia aliyoitumia ilikuwa ni ile ile waliyoirithi wapinzani wake. Kama mageuzi ya Mombasa yangekuwa taasubi tangu asili, yasingeweza kumpa mtu silaha za kutokea nje yake.

Hata hivyo makala haya hayawezi kudai kwamba Al-Amin aliijua hatari yote ya kazi yake. Sahifa na gazeti lililoifuata, Al-Islah, ni za mwanzo wa miaka ya 1930. Mwaka 1937 alishika cheo cha Kadhi Mkuu, akakaa nacho mpaka kufa. Mwana wa mtu aliyefungwa na mtawala kwa ajili ya hoja zake akawa mwenye kutoa hukumu chini ya dola, na hukumu ya kadhi, hata ikiwa na dalili kumi, hutekelezwa na asiyekubali, ilhali waraka uliweza kuachwa barazani bila kusomwa.