Kibanja cha Holaria

Tarehe 24 Agosti 1988, Holaria Pastory, mama wa Kihaya wa wilaya ya Muleba, aliuza kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, la ukoo wake. Umri ulikuwa umemtupa mkono na hakuwa na wa kumtunza. Shamba lenyewe aliachiwa na baba yake kwa wosia halali. Mnunuzi, mtu asiye wa ukoo, alilipa shilingi 300,000. Kesho yake tu, mwanaukoo mwenza wa Holaria, Bernardo Ephrahim, alikuwa ameshafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Akashinda: mauzo batili, mama arudishe fedha.

Kwa mila ilivyoandikwa, mahakama hiyo haikukosea. Kanuni ya 20 ya Tamko la Sheria za Mila la 1963 ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila asiiuze. Migomba apalilie, kahawa achume, lakini kibanja si chake. Tangu miaka ya 1960 majaji walikuwa wakiwaonea huruma wanawake wa Kihaya, kisha wakisema si kazi ya mahakama kubadili mila.

Kilichokuwa kimebadilika ni Katiba. Wakati wa uhuru viongozi walikataa kuingiza haki za msingi humo, wakihofia kufungwa mikono. Ziliingia kwa marekebisho ya 1984, tena kwa masharti: hadi Machi 1988 hakuna aliyeruhusiwa kuzidai mahakamani. Serikali ilijipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake, na kanuni ya 20 haikuguswa. Holaria aliuza shamba miezi mitano baada ya kufuli hilo kufunguliwa.

Alikata rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba. Huko hakimu alishika haki hizo za msingi za Katiba, akatengua hukumu ya Kashasha. Vitabu vya sheria humpa sifa zote jaji aliyefuata. Mimi naona huyu wa Muleba amedhulumiwa: alithubutu kabla ya kuwepo hukumu ya kuegemea.

Ephrahim naye akaenda Mahakama Kuu Mwanza, ng'ambo ya ziwa, kwa Jaji James Mwalusanya. Huyu hakuwa mgeni wa Katiba. Mwaka 1989, katika shauri la Daudi Pete, alikuwa amekipinga kifungu kilichowanyima dhamana baadhi ya washtakiwa. Tarehe 22 Februari 1990 alisema kanuni ya 20 inambagua mwanamke, akautaja na mkataba wa kimataifa wa 1979 dhidi ya ubaguzi wa wanawake, ambao Tanzania iliridhia. Kisha akaisoma kanuni upya, mwanamke awe na haki ileile ya mwanamume wa ukoo.

Ileile, si zaidi. Mwanamume akiuza bila ridhaa ya ukoo, wenzake huweza kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Ephrahim naye akapewa miezi sita ya kulipa 300,000. Ikipita, shamba ni la mnunuzi.

Sheria za ardhi za 1999 zilitamka waziwazi haki sawa za mwanamke. Urithi wa kimila ukabaki palepale. Mwaka 2005 wajane wawili wa Shinyanga waliiomba Mahakama Kuu Dar es Salaam ifute kanuni za 1963. Majaji walikubali kwamba zinabagua, kisha wakakataa kuzifuta, wakihofia kila mila nchini itafunguliwa kesi.