Mtoto Aliyeogopa Farasi wa Vienna

Mwanzoni mwa 1908, jijini Vienna, mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano alianza kukataa kutoka nje. Alisema farasi atamng'ata. Nyumba yao ilitazamana na ua wa forodha ambako mikokoteni ya farasi ilipishana kutwa nzima, kwa hiyo kilichomtisha kilikuwa mlangoni pake. Baba yake, Max Graf, mhakiki wa muziki, alikuwa miongoni mwa waliokutana kila Jumatano nyumbani kwa Daktari Sigmund Freud, Berggasse namba 19. Akawa anaandika maneno ya mwanawe na kumpelekea Freud.

Mwanachuo wa ualimu anayejiandaa kwa mtihani wa saikolojia huzikariri hatua tano za Freud: ya mdomo, ya haja kubwa, ya uume, ya utulivu na ya ukomavu wa kijinsia. Anajua pia kwamba mtoto aliyenyimwa au aliyedekezwa kupita kiasi huweza kukwama kwenye hatua fulani, na alama yake ikaonekana ukubwani. Asichoambiwa sana ni kwamba mwaka 1905, Freud alipochapisha mawazo yake kuhusu ujinsia wa watoto, alitegemea zaidi kumbukumbu za watu wazima waliolala kwenye kochi lake. Mtoto huyu wa Graf, ambaye Freud alimpa jina la Hans, ndiye aliyetarajiwa kuleta ushahidi wa utotoni kwenyewe.

Katika tiba hiyo, iliyopitia maandishi ya baba, Freud alikutana na Hans mara moja tu, tarehe 30 Machi 1908. Hans alitishwa hasa na weusi kwenye midomo ya farasi na vitu vilivyowekwa karibu na macho yao. Freud akaona humo masharubu na miwani ya baba. Akamweleza mtoto kwamba anamwogopa baba yake kwa kuwa anampenda mno mama yake. Huo ndio mgogoro wa Oedipus, kiini cha hatua ya tatu, ambao kwa nadharia hiyo hutulia mtoto anapoanza kujifananisha na baba.

Lakini katika taarifa ya Freud kuhusu kisa hicho, iliyochapishwa 1909, Hans anasimulia kwamba aliona farasi aliyekuwa akivuta basi akianguka na kurusharusha miguu. Mwaka 1960 wataalamu wa saikolojia Joseph Wolpe na Stanley Rachman walilishika tukio hilo: mtoto alishtuka, hofu ikajengeka, basi. Mimi naelemea upande wao, maana mkusanya ushahidi alikuwa baba aliyekwisha kuamini jibu. Hata hivyo, kuketi na kuandika neno kwa neno hofu ya mtoto mdogo, badala ya kumkemea anyamaze, ni jambo ambalo hadi leo wazazi wengi hatulifanyi.

Hofu ilipita. Hans, ambaye jina lake halisi ni Herbert Graf, alikuja kuwa mwongozaji wa opera katika Metropolitan Opera ya New York. Mwaka 1922 alimtembelea Freud akamwambia kwamba aliposoma kisa chake hakukumbuka chochote.

Baadaye wachambuzi wa nafsi Anna Freud na Melanie Klein waliwaendea watoto wenyewe, wakapingana vikali huko London. Ila hatua inayotugusa zaidi ilipigwa Uganda. Mwaka 1954 alifika huko mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi London na John Bowlby, mtaalamu aliyelelewa katika mapokeo ya Freud. Katika vijiji vya jirani na Kampala alifuatilia familia 26 za Waganda zenye watoto wachanga 28, akizizuru kila baada ya wiki mbili hivi, akizungumza na akina mama kupitia mkalimani huku akiwatazama watoto.

Aliyoyaona ni haya: mtoto anatambaa kwenda kukagua kitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, anarudi kwake kidogo, kisha anaondoka tena. Mama akitoka, analia au anamfuata. Kwa mujibu wa nadharia ya Freud ya hatua ya mdomo, mapenzi haya yalitokana na maziwa. Ainsworth aliona watoto walioshikamana pia na baba ambaye hakuwa akiwalisha. Chakula peke yake hakikutosha kueleza; mtoto alihitaji mtu wa kumkimbilia, anayezielewa ishara zake.

Matokeo aliyachapisha 1967 katika kitabu *Infancy in Uganda*. Wakati huo alikuwa amehamia Baltimore, Marekani, ambako alifuatilia familia nyingine 26 na kubuni jaribio la chumba kigeni, ambamo mama hutoka kwa dakika chache na kurudi. Vitabu vya kiada huanza hadithi ya utafiti wake hapo Baltimore, ilhali ilianzia Kampala.