Kauri Inavyosikilizwa

Katika soko la Mgandini, Ngamiani, mjini Tanga, mnunuzi wa chungu haamini macho peke yake. Hukiinua, akakigonga kwa konzi na kutega sikio. Kizima hulia, chenye ufa hukoroma, kwa kuwa mtetemo umekatwa njiani.

Watu wa mwambao huu wameizoea pia kauri ya ng'ambo kwa karne nyingi. Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, wajenzi wa makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15 walipachika sahani na bakuli za Uchina kwenye chokaa. Nyingi zimeshang'olewa, yakabaki mashimo ya duara. Chombo cha namna ile kilipita mikono mingi, na mwenye mali hakuwa na njia ya kukikagua ila jicho na sikio.

Sikio la binadamu, hata hivyo, huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Mlango wa kuvuka mpaka huo ulifunguliwa Paris mwaka 1880, ndugu Jacques na Pierre Curie walipoonyesha kwamba fuwele ya kwatsi ikibanwa hutoa umeme. Baadaye ikathibitika kuwa ikipewa umeme, nayo hutetema. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mfaransa Paul Langevin aliitumia kwatsi kupeleka mawimbi majini, zikisakwa nyambizi za Wajerumani.

Mwaka 1928 Sergei Sokolov wa Leningrad alipendekeza mawimbi hayo yapitishwe ndani ya chuma ili kufichua kasoro. Lakini ilibidi kifaa kimoja kitume upande huu na kingine kipokee upande wa pili. Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan ndiye aliyeondoa adha hiyo: chombo chake, kilichopata hataza mwaka 1942, kilituma sauti na kusubiri mwangwi upande uleule.

Kazi yenyewe huanza kwa jeli. Fundi huipaka juu ya kauri, maana hata utando mwembamba wa hewa hurudisha karibu sauti yote, kisha hukandamiza kichwa cha kifaa. Kwenye skrini huchomoza mwiba wa uso wa mbele, halafu mwiba wa uso wa nyuma. Ukijitokeza mwingine katikati, ndani mna ufa au tundu. Unene nao hupatikana kwa hesabu: kwenye alumina sauti hukimbia takriban kilomita 10 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa bamba la milimita 10 hurudi baada ya sehemu mbili za milioni za sekunde. Ukuta wa bomba la kauri hupimwa bila kukatwa.

Kisha kauri yenyewe ikawa sikio. Katika miaka ya 1940 wataalamu waligundua kuwa kauri ya bariamu na titani inaweza kufanya kazi ya kwatsi. Mwaka 1954 Bernard Jaffe na wenzake nchini Marekani walitangaza kauri ya risasi, zirkoni na titani, iliyokuwa na nguvu zaidi. Kauri za jamii hiyo ndizo zilizoenea kwenye vipimo vya viwandani na kwenye altrasaundi ya wajawazito hospitalini.

Si kila udongo unakubali kipimo hiki. Alumina laini husomwa kwa mitetemo milioni 10 kwa sekunde au zaidi. Chungu cha mfinyanzi, chenye chembe kubwa na vitundu, huitawanya sauti hiyo kabla haijarudi. Hata matofali ya kuhimili moto, kama yanayotandikwa ndani ya matanuru ya saruji, hupimwa kwa mawimbi mazito ya makumi ya maelfu tu ya mitetemo kwa sekunde, au hugongwa kwa nyundo ndogo na kompyuta ikausoma mlio wake.

Vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya kwenye njia za umeme, kama zile zilizoanza kubeba umeme wa kituo cha Hale, mkoani Tanga, mwaka 1964, vina adui mwingine zaidi ya ufa: chumvi ya bahari. Ikigandamana na vumbi, kisha ikapata unyevu, umeme huanza kuvuja juu ya uso wa kikombe kisicho na ufa wowote. Uvujaji huo nao hutoa sauti isiyosikika, na mafundi huisaka kwa kifaa cha mkononi kinachopokea mitetemo kama 40,000 kwa sekunde, wakiwa wamesimama chini ya nguzo na njia ikiwa na umeme.