Kipenu cha Gari: Jina la Kivuli Kinachoegemea

Anayetafuta kivuli cha kufunga kwenye gari la kambi, yaani gari lenye kitanda, jiko na kabati ndani yake, hukutana na neno moja la Kiingereza, ‘awning’, lililobandikwa kwenye vitu visivyofanana. Kuna kitambaa kinachoviringishwa ndani ya sanduku jembamba la alumini juu ya mlango, kikavutwa nje na kusimamishwa kwa miguu miwili. Kuna hema zima linalosimama kando ya gari na kuunganishwa nalo kwa ujia mfupi wa kitambaa. Kuna bawa linalofunguka kutoka pembe ya nyuma ya paa na kuzunguka ubavu wa gari hadi nyuma, nyuzi 270. Kuna pia kipande cha turubai tu, upande mmoja umefungwa kwenye gari na wa pili umevutwa kwa kamba na vigingi. Mfasiri akitafuta neno moja la Kiswahili la kuvifunika vyote hivyo atakuwa anafasiri mkanganyiko wa Waingereza, na mnunuzi hatasaidika. Ninapendekeza neno kipenu, na ninalipendekeza kwa baadhi ya vitu hivyo tu. Sababu yangu ni kwamba neno hili linabeba ndani yake swali ambalo mnunuzi anapaswa kuliuliza kabla ya bei, rangi au kitambaa: kitu hiki kinaegemea nini?

Upenu ni sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, pamoja na nafasi iliyo chini yake. Kipenu ni kibanda cha ubavuni kinachopatikana kwa kuliendeleza paa la nyumba: upande wa ndani unabebwa na ukuta ambao tayari upo, upande wa nje unashikwa na nguzo. Ndipo huwekwa kuni, ndipo hupikwa, ndipo watu hujibanza mvua inapokamata ghafla. Hakuna kipenu kisicho na nyumba. Ukibomoa nyumba, kipenu nacho kimekwisha, na nyumba ikiwa dhaifu, kipenu huidhoofisha zaidi. Tena kipenu huinama, kwa sababu paa linaloendelezwa lazima litiririshe maji mbali na ukuta. Kuegemea na kuinama ndiyo mambo mawili yanayoamua kama kivuli cha gari kitadumu miaka au kitapinda katika safari ya kwanza.

Chukua kitambaa chenye urefu wa mita 2.5 kilichovutwa nje mita 2. Eneo lake ni mita za mraba 5. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa, una mgandamizo unaokaribia paskali 60. Ukilisukuma eneo lote hilo moja kwa moja, nguvu yake inalingana na uzito wa kilo 30 hivi. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne, kwa hiyo upepo wa kilomita 72 kwa saa unafikisha zaidi ya kilo 120. Ni kweli kwamba kitambaa cha kivuli hakikabili upepo kifua wazi. Kimelala, na upepo hupita juu na chini yake. Lakini ukishaingia chini hukinyanyua, miguu ikaacha ardhi, na mzigo wote ukahamia kwenye vibano vilivyoshika ubavu wa gari, ambao ni bati jembamba. Ndiyo maana watengenezaji kama Fiamma wa Italia na Thule wa Sweden huuza vibano maalumu kwa kila aina ya gari, vinavyopeleka mzigo mahali penye nguvu. Sanduku la mita 2.6 lenyewe hukaribia kilo 20 hata kabla upepo haujaligusa. Mvua nayo ina hesabu yake. Milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja, yaani kilo moja. Mvua ya milimita 20 ikituama juu ya kitambaa cha mita za mraba 5 kilichowekwa sawasawa kama meza inakuwa mzigo wa kilo 100. Dawa yake ni kufupisha mguu mmoja ili maji yapate njia, na mtu aliyezoea kusikia neno kipenu hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini.

Wapo watakaosema kwamba jina tayari lipo, nalo ni turubai. Madereva wanalo, mafundi wanalo, wanaokodisha viti na vivuli vya harusi na misiba wanalo. Sikatai kwamba neno hili liko hai. Tatizo ni kwamba turubai ni jina la kitambaa, na anayekiita kitu kwa jina la kitambaa chake atakinunua kwa kukitazama kitambaa. Ataanza kuuliza kinazuia maji kiasi gani, na muuzaji atamwonyesha tarakimu: milimita 3000, maana yake kitambaa kinahimili safu ya maji yenye kimo cha mita 3 kabla hakijavuja. Atauliza kama ni poliesta iliyopakwa PVC au ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Maswali haya ni mazuri. Kitambaa kilichopakwa PVC hakipitishi mvuke, kwa hiyo pumzi za watu na mvuke wa chungu hugeuka matone upande wa ndani kikiwa kimezungushiwa kuta. Kile chenye pamba hupitisha hewa, nyuzi zake hufura zikilowa na kuziba vitundu, lakini ni kizito, hukauka polepole, na kikiviringishwa kibichi huota ukungu. Hata hivyo kitambaa bora kuliko vyote hakiwezi kuokoa kibano kilichofungwa mahali pasipo na nguvu. Turubai libaki kuwa jina la kile kipande kinachofungwa kwa kamba, ambacho kweli hakina kingine zaidi ya kitambaa.

Hoja nzito zaidi ni ya chandarua. Kamusi zetu zinalipa neno hili maana ya kitambaa kinachotandwa juu ili kukinga jua, na maana hiyo ni ya zamani. Lilitufikia kutoka upande wa Bara Hindi, ambako maneno ya jamii yake hutaja kitambaa cha namna hiyohiyo. Anayetetea chandarua anatetea urithi, na mimi naupenda urithi huo. Ila maana za maneno huamuliwa na wanaoyatumia. Vita dhidi ya malaria vimelikamata neno hili kwa miaka mingi: chandarua chenye dawa, chandarua cha mama mjamzito, chandarua kilichotolewa kwa hati punguzo. Leo ukimwambia mtu wa Tanga au wa Mtwara kwamba gari lina chandarua, ataelewa kwamba lina wavu wa kuzuia mbu, na atakuwa sahihi. Mgongano wenyewe haukwepeki, maana vivuli vingi vya magari huuzwa pamoja na kuta za wavu, kwa sababu hiyohiyo ya mbu. Tutalazimika kuandika kwamba chandarua hiki kina chandarua. Istilahi inayoshindwa kutenganisha kitu na sehemu yake haifai katika kijitabu cha maelekezo, hata ikiwa na ukoo mzuri.

Kuhusu kulitohoa neno la Kiingereza, likawa ‘oningi’, sina mengi. Utohozi ni njia halali, na kompyuta imeishinda tarakilishi katika midomo ya watu bila kuomba radhi. Lakini kompyuta ilikuja na kitu kimoja kinachotambulika. Oningi ingekuja na vitu vinne, na msikilizaji asingepata fununu ya hata kimoja.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito ni hili: kipenu ni cha nyumba, hujengwa kwa miti na makuti au kwa mabati, na hakihami, ilhali kivuli cha gari ni cha kitambaa na husafiri. Jibu langu ni kutazama gari lenyewe. Gari lina mlango, lina dirisha, lina paa. Hayo yote ni maneno ya nyumba, na hakuna anayedhani kwamba mlango wa gari lazima uwe wa mbao. Usukani ulitoka chomboni. Ulikuwa wa nahodha kabla haujawa wa dereva. Hata neno la Kiingereza tunalolitafutia mwenzake lilikuwa la mabaharia katika karne ya 17, likitaja turubai lililotandwa juu ya sitaha, kabla halijahamia kwenye maduka na kisha kwenye magari. Neno huhama pamoja na kazi yake. Gari ambalo tayari lina paa, ukuta na mlango linakipokea kipenu bila kuulazimisha ulimi.

Kwa kuwa kipenu kinalitegemea gari, gari ndilo linaloamua ni kipi kitafaa. Kenya, Tanzania na Uganda huendesha kushoto kama Uingereza na Japani, kwa hiyo Toyota Hiace iliyotoka Japani ina mlango wa kuteleza upande wa kushoto, na kipenu chake kitakuwa huko. Ujerumani, Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia, na mlango huwa upande wa pili. Anayeagiza kifaa kutoka nje bila kuangalia jambo hili huenda akaletewa kivuli cha upande usio na mlango.

Mpaka wa istilahi unaonekana tukifika kwenye lile hema linalosimama kando. Chimbuko la haja yake ni udogo wa magari. Volkswagen ilianza kuunda gari lake maarufu la boksi mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia, nayo ya Ujerumani, ikaanza kulitilia samani za kulala na kupikia. Lilikuwa gari lenye urefu usiofika mita 4.5, familia ikilala humo, viatu na masufuria havina pa kukaa. Huko Uingereza, ambako mvua haina msimu, lilipendwa hema lenye nguzo zake, siku hizi mara nyingi nguzo za hewa zinazojazwa kwa pampu, ambalo gari huliacha limesimama uwanjani likaenda sokoni na kurudi. Upande wa gari hushikizwa kwa ukingo mnene wenye kamba ndani, unaopitishwa katika mfereji wa alumini. Mnunuzi wake lazima apime kimo cha mahali pa kushikizia, kwa sababu hema la gari fupi likifungwa kwenye gari refu, ujia huvutika na maji huingia. Je, hicho ni kipenu? Hapana. Gari likiondoka, chenyewe kinabaki. Hilo ni hema, na tuliite hema la ubavuni. Mzigo wake uko ardhini, katika vigingi na kamba, na anayekaa mahali pamoja wiki nzima atafaidika nalo kuliko kipenu. Anayehama kila asubuhi atachoka kulisimamisha na kulishusha, na kwake kipenu kinachofunguka kwa dakika chache ndicho chaguo.

Bawa la nyuzi 270, linaloonekana kwenye baadhi ya Land Cruiser za safari zenye mahema juu ya paa, lipo upande wa kipenu. Mikono yake yote imeshikwa na bawaba moja kwenye pembe ya gari, na aina nyingine husimama bila mguu hata mmoja. Ingawa linaonekana huru, ndilo linaloliegemea gari kuliko yote, ndiyo maana miguu na kamba zake zisiachwe nyumbani hata muuzaji akisema hazihitajiki. Kipenu cha bawa ni jina linalolitosha.

Kutenganisha kipenu na hema kuna faida nyingine isiyohusu upepo. Chini ya kipenu watu hupika, kama ilivyo desturi ya vipenu vya nyumba, na moshi hupata njia kwa kuwa pande ziko wazi. Hema la ubavuni lina kuta na mlango wa zipu. Jiko la mkaa likiingizwa humo, hata makaa yakionekana yamefifia, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Tukiviita vitu hivi viwili kwa jina moja, maelekezo yanayoruhusu kupika chini ya kimoja yatasomwa kama ruhusa ya kupika ndani ya cha pili.

Huenda mtu akauliza ni Waswahili wangapi wanaomiliki magari ya kambi. Wachache. Lakini wanaoyafungua, kuyafunga, kuyatengeneza na kuyakodisha huko Arusha na Nairobi hufanya kazi hiyo kwa Kiswahili, wakati vifaa huja na maelekezo ya Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano. Wanahitaji sentensi kama hizi: kunja kipenu kabla upepo haujazidi; fupisha mguu mmoja maji yapate njia; usiingize jiko la mkaa ndani ya hema la ubavuni, hata mlango ukiwa wazi. Wanahitaji pia hati ya kukabidhiana gari inayoeleweka. Ikiandikwa ‘turubai 1’, haijulikani kama kinachotakiwa kurudi ni kitambaa kilichokunjwa, ni kifaa cha kilo 20 kilichofungwa kwa bolti, au ni hema lenye nguzo na vigingi vyake. Ikiandikwa ‘kipenu 1, hema la ubavuni 1, turubai 1’, anayekabidhi na anayepokea wanahesabu vitu vilevile.